Nani Zaidi? Miaka 30 Tangu Wasomaji Wapige Kura Kuamua Ugomvi wa Mashujaa

Mapema mwaka 1996, kampuni mbili zinazotawala soko la katuni za mashujaa nchini Marekani, Marvel na DC, ziliwapandisha mashujaa wao ulingoni wapigane wao kwa wao, na mapambano matano makubwa zikawaachia wasomaji wayaamue kwa kura. Mwaka 2026 kura hiyo inatimiza miaka 30. Tukio lenyewe ni la mbali, lakini Afrika Mashariki imo ndani yake: mshindi wa pambano ambalo mashabiki wanalibishia hadi leo ni Storm, mwanamke anayeamuru radi na tufani, na ambaye hadithi yake inasema mama yake ni Mkenya.

Kabla ya kura hiyo, mapambano ya namna hii yalikuwa na mwamuzi mmoja tu, yaani mwenye kalamu. Katika karne ya 2, Lucian, aliyeandika kwa Kigiriki, aliwasimamisha Alexander na Hannibal mbele ya hakimu wa kuzimu wakigombea nani alikuwa jemadari bora. Hao walikuwa watu waliowahi kuishi. Kuwakutanisha wahusika wa kubuni, tena wa waandishi wawili tofauti, kulileta shida nyingine: mhusika ana mwenyewe.

Shida hiyo ilijitokeza Paris mwaka 1906. Jarida la Je sais tout lilichapisha hadithi ya Maurice Leblanc ambamo mwizi wake mstaarabu, Arsène Lupin, anakutana na Sherlock Holmes. Arthur Conan Doyle, aliyemuumba Holmes, alikuwa hai na hakuombwa ruhusa. Akalalamika. Leblanc hakumwondoa mpelelezi huyo hadithini; alihamisha herufi moja tu kutoka jina la kwanza kwenda la pili, akapatikana Herlock Sholmès, na kitabu kizima cha mapambano yao kikatoka mwaka 1908. Humo Sholmès anarudi kwao na vitu alivyotumwa kuvitafuta, naye Lupin akishakamatwa anaponyoka. Kwa hesabu ni sare, lakini ni sare iliyoandikwa na Mfaransa: msomaji anafunga kitabu akimpenda zaidi mwizi.

Sinema ilipoingia, kampuni za filamu zilijifunza haraka kwamba sare inalinda mali. Universal ilipowakutanisha jitu la Frankenstein na mtu-mbwamwitu mwaka 1943, bwawa lilipasuka na mafuriko yakawasomba wote wawili kabla mmoja hajashinda. Mwaka 1962 kampuni ya Toho ya Japani ilimkutanisha King Kong na Godzilla. Kulikuwa na tatizo la kimo. Sokwe yule aliyepanda jengo la Empire State katika filamu ya 1933 alikuwa mdogo mno kusimama mbele ya dubwana la mita 50, kwa hiyo Toho walimkuza hadi mita 45 na kumpa nguvu za ziada kutokana na umeme. Haruo Nakajima alivaa vazi la Godzilla, Shoichi Hirose akavaa la Kong, wakapigana kama wanamieleka, mchezo uliopendwa mno kwenye televisheni za Japani wakati huo.

Mwisho wa filamu hiyo ulizaa uvumi uliodumu kwa miongo kadhaa: kwamba kuna miisho miwili, mmoja wa Wamarekani ambamo Kong anashinda, na mwingine wa Wajapani ambamo Godzilla anashinda. Uvumi huo ulichapishwa magazetini, na hata ukaingia katika maswali ya mchezo wa Trivial Pursuit kama jibu sahihi. Si kweli. Katika matoleo yote mawili madubwana yanaporomoka baharini, Kong anaibuka peke yake na kuogelea kurudi kisiwani kwake. Tofauti iliyopo ni kwamba toleo la Kijapani linamalizika kwa ngurumo za wote wawili. Uvumi ulishika mizizi kwa sababu ulilingana na jambo ambalo kila mtu alilijua tayari: kila upande humpa ushindi mtu wake.

Katika katuni, ugomvi wa kwanza mkubwa ulikuwa wa mahakamani. Wamiliki wa Superman waliishtaki kampuni ya Fawcett mwaka 1941 wakidai kwamba shujaa wake, Captain Marvel, alikuwa nakala ya shujaa wao. Kesi iliisha kwa makubaliano mwaka 1953: Fawcett ililipa dola 400,000 na kuacha kumchapisha. Miaka ya 1970 shujaa huyo aliingia mikononi mwa DC, wale wale waliomshtaki.

Marvel ilipoanza kuwaweka mashujaa wake wote katika dunia moja, mapambano yakawa chakula cha kila mwezi. Hulk na Thing walikabiliana kwa mara ya kwanza mwaka 1963, na mwaka uliofuata wakapigana tena katika matoleo mawili mfululizo. DC ilikwenda kwa tahadhari zaidi. Mwaka 1967 iliwashindanisha Superman na Flash mbio za kuizunguka dunia, lakini wawili hao wakafika pamoja kwa makusudi ili kuwaharibia wahalifu waliokuwa wamewekeana dau.

Kijarida kilichobadilisha ubishi wa mashabiki kilitoka mwaka 1983, nacho hakikuwa na hadithi. Kilikuwa kitabu rasmi cha taarifa za mashujaa wa Marvel, kilichosimamiwa na mhariri Mark Gruenwald, na kilieleza uwezo wa kila mmoja kwa vipimo. Spider-Man anaweza kuinua tani 10. Thing, tani 85. Hulk na Thor wanapita tani 100. Tangu hapo kijana aliyemtetea Hulk dhidi ya Thing alikuwa na tarakimu mkononi, na aliyebaki na mapenzi matupu alionekana hana hoja. Nguvu peke yake haitoshi, hata hivyo. Ubishi mzuri unahitaji pia kujua mahali pa kumpiga mtu. Superman ana kryptonite, jiwe linalomdhoofisha, lililoanza kusikika katika mchezo wake wa redio mwaka 1943. Waswahili wa pwani walijua kanuni hiyo karne nyingi kabla: Fumo Liyongo hakuweza kuuawa ila kwa msumari wa shaba kitovuni.

Pambano la mwaka 1978 kati ya Superman na Muhammad Ali linastahili nafasi yake, ingawa mmoja wao alikuwa mtu halisi. Katika katuni hiyo ya Denny O'Neil na Neal Adams, wavamizi kutoka anga za mbali wanamtaka bingwa wa dunia. Superman anajitokeza; Ali anapinga, kwa hoja kwamba Superman hakuzaliwa duniani. Ili haki itendeke wanapigana chini ya jua jekundu, ambalo linamwondolea Superman nguvu zake, na Ali anamchakaza. Superman anakataa kuanguka, lakini anatolewa ulingoni kwa machela. Watu wa Kinshasa waliomwona Ali akimwangusha George Foreman raundi ya 8 mwaka 1974 hawakuwa na sababu ya kushangazwa na matokeo hayo.

Hadi hapo swali lilibaki kwa waandishi. Stan Lee, mmoja wa walioumba mashujaa wengi wa Marvel, alipoulizwa nani angemshinda nani alikuwa akijibu kwamba atashinda yule ambaye mwandishi anataka ashinde. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimridhishi mtu aliyetumia utoto wake kumfuatilia shujaa. Mbishi hataki kuambiwa mwandishi anataka nini. Anataka sababu, na anataka sauti yake ihesabiwe.

Mwaka 1996 ikahesabiwa. Mfululizo ulikuwa na matoleo manne, DC ikichapisha la kwanza na la nne, Marvel la pili na la tatu. Ron Marz na Peter David waliandika. Dan Jurgens na Claudio Castellini walichora. Hadithi ilikuwa nyepesi: ndugu wawili wakubwa kama ulimwengu, kila mmoja akiwa ndiye ulimwengu wa kampuni moja, wanagundua kwamba kila mmoja yupo, na wanakubaliana kuwapiganisha mashujaa wao. Upande utakaoshindwa utatoweka. Mapambano makubwa yalikuwa 11. Sita waliyaamua waandishi wenyewe, na katika mojawapo Thor wa Marvel alimshinda Captain Marvel, ambaye sasa alikuwa akipigania DC. Matano yaliyobaki yalipigiwa kura kwa karatasi zilizosambazwa kupitia maduka ya katuni, na kwa intaneti, iliyokuwa changa bado.

Superman alimshinda Hulk. Batman alimshinda Captain America, pambano lililochezwa katika mifereji ya maji machafu chini ya jiji. Wawili hao walilingana hata wakawa wanaheshimiana, mpaka maji yalipomsomba Captain America na Batman akalazimika kumwokoa asizame. Spider-Man alimshinda Superboy. Wolverine wa Marvel alimshinda Lobo wa DC, tena nyuma ya kaunta ya baa, mahali ambapo msomaji haoni ngumi hata moja: anaona tu Wolverine akiinuka baadaye na sigara yake. Wafuasi wa Lobo hawajaisamehe kaunta hiyo.

Pambano la tano liliwakutanisha Storm na Wonder Woman. Wonder Woman ni miongoni mwa wenye nguvu kubwa kabisa katika ulimwengu wa DC, na kabla ya kupigana alikuwa ameiokota nyundo ya Thor, ambayo kwa kawaida haiinuliwi ila na anayestahili. Akaiinua. Kisha, kwa kuwa hakutaka ushindi usio wa haki, akaiweka chini na kumkabili Storm mikono mitupu. Storm alimpiga kwa radi, moja baada ya nyingine, hadi akaanguka. Wapinzani wa matokeo hayo wanasema kura ilipima umaarufu, si uwezo. Wana hoja. Toleo la kwanza la X-Men, kundi la Storm, lililotoka mwaka 1991, liliuzwa nakala zaidi ya milioni 8, na filamu ya katuni ya X-Men, ambamo Storm ni mmoja wa viongozi, ilikuwa ikionyeshwa kwenye televisheni tangu 1992. Kura ikipigwa na watu wanaomwona Storm kila wiki, Storm hapotezi.

Lakini hoja hiyo haitoshi kumnyang'anya ushindi. Storm aliingia katika katuni mwaka 1975, kwa kalamu ya Len Wein na mkono wa Dave Cockrum, akionyeshwa Kenya, watu wakimwendea kuomba mvua. Kenya hiyo ilichorwa na watu wa New York, na ina makosa ya kila namna. Serengeti, kwa mfano, imetajwa kama ya Kenya. Hata hivyo, uwezo wake hauhitaji misuli. Anaamuru hali ya hewa yote, na Wonder Woman alikuwa amesimama mahali pa wazi bila silaha. Mwamuzi asiye na upande anaweza kabisa kumpa Storm pambano lile kwa hoja tupu, bila kura.

Mwisho wa mfululizo hakuna ulimwengu uliotoweka. Kampuni zilichanganya mashujaa wao kwa muda, Batman akaunganishwa na Wolverine, Superman na Captain America, kisha kila mmoja akarudi kwao. Baada ya hapo kampuni hizo zilishirikiana tena mwaka 2003, halafu zikanyamaza kwa miaka mingi hadi 2025, zilipowakutanisha Batman na Deadpool. Sinema ziliendelea: Freddy na Jason mwaka 2003, Batman na Superman 2016, Godzilla na Kong tena 2021. Katika mbili za mwisho, mahasimu waliishia kuungana dhidi ya adui wa tatu.

Kura ya 1996 haikufika Dar es Salaam wala Mombasa, ila ubishi wenyewe ulikuwepo, na ulikuwa na uwanja wake. Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994 tu. Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi baadaye, filamu zilitazamwa katika vibanda umiza, kwenye mabenchi, kwa kanda za VHS. Sheria ya kwanza ya kibanda ilikuwa moja: steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Ugumu ulianza pale steringi wawili wa filamu mbili walipolinganishwa. Rambo aliyerudi Vietnam na Komandoo wa Arnold Schwarzenegger wote walifika kwenye skrini mwaka 1985, wote waliangamiza majeshi peke yao, na wote hawafi. Nani zaidi? Vijiweni swali hilo liliamuliwa kwa hoja, kwa kelele, na mara nyingine kwa umri wa mbishi.

Tena hapa kulikuwa na mwamuzi ambaye Marekani haikuwa naye. Watafsiri wa filamu, kama Lufufu jijini Dar es Salaam na baadaye DJ Afro nchini Kenya, hawakutafsiri maneno tu. Waliongeza maelezo, waliwasifu mashujaa na kuwakejeli maadui. Uganda kazi hiyo iliota mizizi kwa Kiganda. Mtoto aliyemjua Rambo kwa sauti ya mtafsiri alimjua Rambo mwingine, na akambishia mwenzake kwa Rambo huyo.

Historia ya Godzilla na Kong imeandikwa hadi kimo cha mavazi yao. Kura za 1996 zina orodha ya washindi ambayo kila shabiki anaweza kuikariri. Tafsiri za vibanda hazijatendewa hivyo, ingawa ni kazi ya sanaa iliyokuza macho na masikio ya kizazi kizima. Utepe wa VHS huchakaa kwa joto, vumbi na ukungu, na miji ya pwani ina vyote vitatu. Mwenye kanda za Lufufu au za mtafsiri mwingine yeyote kabatini na azinakili kidijitali sasa, aandike jina la mtafsiri, la kibanda na la mtaa, na nakala moja aipeleke maktaba au chuo kikuu kilicho karibu naye.