Kutoka Santuri hadi Ngazi Saba

Njia ninayoifuata, ya kuchunguza tiba ya mazungumzo kwa kuisikiliza, inaanzia Columbus, Ohio, Marekani. Mwaka 1940 mwanasaikolojia Carl Rogers alihamia huko kufundisha chuo kikuu. Yeye na mwanafunzi wake Bernard Covner wakaweka mashine za kurekodi katika vikao vya ushauri nasaha. Santuri ilijaa kwa dakika chache tu, hivyo zilihitajika mashine mbili za kupokezana.

Kabla ya hapo, kwa kawaida yaliyosemwa chumbani yalitufikia kwa kumbukumbu za mtabibu. Covner alilinganisha ripoti za washauri na santuri, akakuta mengi yameachwa. Mwaka 1942 Rogers alichapisha vikao vyote 8 vya mteja aliyepewa jina la Herbert Bryan, neno kwa neno. Huo ulikuwa ujasiri mkubwa: mtabibu alikubali makosa yake nayo yasomwe.

Njia ikaelekea Chicago pamoja na Rogers. Huko wateja walipewa kadi 100 zenye kauli kuhusu nafsi. Walizipanga mara mbili: nilivyo, kisha ninavyotamani kuwa. Kwa wateja 25, uwiano wa wastani kati ya mipangilio hiyo ulikuwa -0.01 kabla ya tiba, yaani karibu hakuna kufanana, ukafika 0.34 baada yake. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1954. Lakini kadi zilionyesha mwanzo na mwisho wa safari. Je, katikati kulitokea nini?

Rogers akarudi kwenye sauti. Alisikiliza rekodi kwa saa nyingi, na kufikia mwaka 1958 akaeleza ngazi 7 za mabadiliko. Hakupima mteja anasema nini, bali anasemaje. Kwa Kiswahili ningezieleza hivi: mteja wa ngazi ya chini husema, “Watu ni wabaya, ndiyo dunia.” Akipanda husema, “Wakati ule niliumia.” Akipanda zaidi, ananyamaza kidogo, kisha: “Hapa nikisema, kuna kitu kimenikaa kooni. Nilidhani ni hasira. Kumbe ni huzuni.”

Wazo hilo likaendelezwa: kufikia mwaka 1969 mtafiti Eugene Gendlin na wenzake walikuwa na kipimo chao cha ngazi 7, ambapo wasikilizaji waliofunzwa hupewa vipande vifupi vya rekodi wavipangie ngazi.

Nikiifuata njia hii, kinachonigusa zaidi ya takwimu ni subira. Watu hawa walikaa wakasikiliza upya, mara kwa mara, hadi ile “kumbe” ya mtu mmoja ikahesabika kuwa ushahidi.