Mshenzi: Neno Lililoitangulia Reli

Hitima ilikuwa imekwisha na kahawa inazunguka barazani, hapa Pongwe karibu na Tanga, mzee mmoja aliposema kwamba neno mshenzi lililetwa na Wajerumani pamoja na reli. Kabla yao, alisema, watu wa Mrima hawakujua kutukanana hivyo. Waliokuwepo waliafiki. Mimi nilinyamaza kwa heshima, kwa kuwa mzee huyo alikata mkonge tangu ujana wake na tusi lenyewe alilipata ana kwa ana, hakulisoma kitabuni. Lakini jambo hilo halijanitoka moyoni. Nadhani ukweli wake lazima usemwe, hata kama unatuuma sisi wa pwani kuliko unavyowauma Wajerumani.

Msafiri Mwingereza Richard Burton alipita Tanga na Pangani mwaka 1857, akapanda mpaka Vuga kwa Kimweri, mfalme wa Wasambaa. Katika kitabu chake juu ya nchi za maziwa makuu, kilichochapwa 1860, neno Washenzi limo, na alilichukua vinywani mwa watu wa pwani aliosafiri nao. Edward Steere wa misheni ya Unguja akaliandika mwaka 1870. Kamusi ya Krapf ya 1882 inalo. Bendera ya Wajerumani haikupanda Pangani hadi 1888. Kwa hiyo neno hili ni letu.

Je, tulilitoa wapi? Maelezo yanayopendwa ni kwamba limetokana na Zanj, jina ambalo Waarabu na Waajemi wa kale waliwaita watu weusi wa pwani hii. Al-Masudi, msafiri Mwarabu aliyefika kisiwa cha Qanbalu mwaka 916, aliandika habari za Zanj kwa urefu, na jina la Zanzibar limezaliwa humo. Wenye hoja hii huieleza kwa fahari, kama kwamba ukale wa neno unalitakasa. Mimi sioni kama inasimama. Kiswahili hakina ugomvi na z wala na j. Zafarani ilibaki zafarani, jini akabaki jini. Zanj lingetulia vizuri tu kinywani mwetu kama zanji au zinji. Ni nini kililazimisha z igeuke sh na j igeuke z, vyote kwa pamoja? Sijaonyeshwa neno jingine lililopita njia hiyo ya kupinda.

Hata hivyo kuna kitu katika hoja hiyo kinachonigusa. Ikiwa ni kweli, basi mtu wa pwani alilipokea jina alilobandikwa na mgeni wa baharini, akageuka, akamtupia jirani yake wa bara. Sauti za neno hazikubali. Mwenendo wetu unakubali kabisa.

Kwa wazee wetu wa Mrima, mshenzi hakuwa lazima mtu mwovu. Alikuwa mtu wa bara, asiye Mwislamu, asiyejua mavazi wala mazungumzo ya mjini. Kipimo kilikuwa muungwana. Mtumwa aliyefika karibuni aliitwa mjinga, kwa kuwa hajui lugha wala desturi. Aliyezaliwa pwani akaitwa mzalia. Mwalimu anayemwita mtoto mjinga darasani leo hajui kwamba ametamka cheo cha mtumwa mpya.

Na mpaka wenyewe haukutulia. Mbondei alikuwa mshenzi kwa mtu wa Tanga mjini. Mdigo alihesabiwa na wengi miongoni mwa Wanyika, jina lenye dharau yake, mpaka ndugu zake wa upande wa Kenya walipojichagulia jina la Mijikenda katika miaka ya 1940. Pongwe hii, mwendo wa asubuhi moja kutoka bandarini, ilikuwa upande upi? Huko Manyema, watu walioitwa washenzi na misafara ya pwani hawakukawia kujiita waungwana, na Kiswahili chao kikaitwa Kingwana. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha 1995 juu ya vurugu za 1888 za kuwapinga Wajerumani, anasema kwamba wapagazi na watumwa waliojaa mitaa ya Pangani hawakutaka kuubomoa uungwana bali kuuingia, wale sahani moja na wenye mji. Namuunga mkono. Wanaoieleza vita ile kwa jina la kiongozi wake Abushiri peke yake wanawasahau watu hao.

Shahidi wangu mkubwa ni kitabu ambacho vijana wetu hawakisomi tena: Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, kilichochapwa na misheni ya Magila, karibu na Muheza, kwa sehemu tatu kati ya 1895 na 1907. Mwandishi alizaliwa Unguja, akamtumikia chifu Semboja huko Mazinde. Kwa kipimo cha mjini, Wasambaa, raia wa Wakilindi hao, wangekuwa washenzi. Yeye akakaa nao, akasikiliza masimulizi yao, akaandika nasaba zao, vita vyao, matambiko yao na maneno ya wafalme wao, kama anavyoandikiwa mtu mwenye historia. Hakuna hotuba ya kupinga tusi iliyonitosheleza kama kazi hiyo.

Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo naye aliandika desturi za Waswahili, zikachapwa na Mjerumani Velten mwaka 1903, wakati yeye akifundisha Kiswahili Berlin. Huyo alikuwa muungwana kwa kila kipimo cha Mrima. Alioa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 alipotaka kurudi naye nyumbani, wakubwa wa koloni walimzuia kushuka Dar es Salaam. Alifariki Ujerumani 1927. Kwa watawala wale, mstari kati ya muungwana na mshenzi haukuwepo tena: Mwafrika ni Mwafrika.

Ndipo tunapofika kwenye reli. Ilianzwa Tanga mwaka 1893, na kipande chake cha kwanza kilifika hapa Pongwe 1894. Mwaka uleule wa 1893 miche ya mkonge ya Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, ililetwa kutoka Florida. Iliyosalimika ilikuwa 62. Kutokana na hiyo yakaja mashamba, na kwa mashamba wakaja manamba, vibarua wa mkataba, kutoka Unyamwezi, Uha, Umakonde na Urundi. Mabwana wa Kijerumani, Kigiriki na Kiingereza walijifunza Kiswahili cha kuamrisha, kisichojali viambishi. Wao ndio walioikata ile m ya mwanzo, inayosema kwamba anayetajwa ni mtu. Ikabaki shenzi tupu. Baadaye ikafungwa na neno la Kiingereza ikawa shenzi taipu, tusi la wanyapara na la askari. Kiingereza cha walowezi kililichukua hivyohivyo, likatumika kwa mbwa asiye na ukoo, na mwaka 1994 filamu ya The Lion King ikampa fisi jina la Shenzi.

Safari ijayo nikikaa barazani nitamwambia: mzee wangu, mshenzi lilikuwepo kabla ya reli, na waliolitamka walikuwa babu zetu. Lakini lile ulilotukanwa wewe shambani, lisilo na m, hilo kweli lilishuka na mabehewa.