Mzuka Ulioonwa na Nyumba Nzima

Waingereza wa karne ya 19 walikuwa na desturi ya kusimuliana hadithi za mizuka wakati wa Krismasi. Usiku huingia mapema majira hayo, familia huota moto, na wenye majarida walijua kwamba toleo la Disemba lenye mizuka linauzika. Charles Dickens aliijua biashara hiyo vizuri. Mwaka 1852 alipoandaa toleo la Krismasi la jarida lake, Household Words, mmoja wa waliompa hadithi alikuwa Elizabeth Gaskell, mke wa mchungaji mjini Manchester na mwandishi wa riwaya ya Mary Barton.

Hadithi yake, The Old Nurse's Story, inasimuliwa na yaya aitwaye Hester. Amefuatana na yatima mdogo, Rosamond, hadi jumba la ukoo wa Furnivall huko Northumberland. Usiku kinanda hulia ukumbini, ilhali ndani kimevunjikavunjika. Theluji inapoanguka, mtoto wa kike anatokea nje ya dirisha, anapigapiga kioo akitaka kufunguliwa. Kinachomtia Hester hofu kuu ni kwamba vile viganja vinapiga, lakini kioo hakitoi sauti.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, na hapo ndipo hadithi hii iliponishika. Watoto wengi wanaofikishwa mezani kwangu walikwisha kusema zamani: kwa shangazi, kwa mwalimu, kwa mama wa nyumba ya pili. Walisema, hawakusikika.

Chanzo cha mzuka ni hiki. Mzee Furnivall, mtu wa kiburi, alikuwa na mabinti wawili, Maude na Grace, waliompenda mwanamuziki mmoja mgeni. Maude akaolewa naye kwa siri, akazaa. Grace, kwa wivu, akamfichulia baba. Mzee akampiga mjukuu kwa gongo, akawafukuza mama na mwana kwenye theluji, kisha akawaapiza watumishi: atakayewapa chakula au hifadhi, asiingie mbinguni. Wachungaji wa kondoo walimkuta Maude chini ya miti, akili imemruka, amempakata mtoto aliyekufa kwa baridi, mwenye alama ya kipigo begani. Grace akaendelea kuishi katika jumba lile hadi uzeeni.

Dickens alitaka mwisho ubadilishwe, mizuka ionwe na Rosamond peke yake. Gaskell akakataa. Katika hadithi yake, wakubwa waliomo ukumbini nao wanamwona mzee akiinua gongo. Na Bi Grace, kikongwe sasa, anapomlilia baba amhurumie mtoto, anatokea Grace wa ujanani, amesimama kando, anatazama kwa dharau.

Naamini Gaskell alikuwa sahihi, kwa sababu anachokiona mtoto peke yake hukanushwa kwa neno moja: kaota. Hata sheria ya Uingereza ilimwacha mtoto mpweke. Ng'ombe na farasi walipata sheria ya kuwakinga na ukatili mwaka 1822. Sheria mahsusi ya kuzuia ukatili kwa watoto ilingoja hadi 1889. Mahakamani, mtoto asiyefahamu maana ya kiapo hakuweza kutoa ushahidi. Mlango ulipoanza kufunguliwa mwaka 1885, kwa makosa ya kingono dhidi ya wasichana wadogo, ushahidi wake bila kiapo bado ulihitaji kuungwa mkono na ushahidi mwingine. Kwetu Tanzania, marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2016 yalimruhusu mtoto mdogo kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli.

Waandishi wa leo wameurithi mzuka huu. Mariana Enriquez wa Argentina, katika mkusanyiko wake wa hadithi fupi wa mwaka 2016, ana hadithi ya Paula, aliyewahi kufanya kazi ya kulea watoto wasio na makao. Anaona uani kwa jirani mguu wa mtoto uliofungwa mnyororo. Mumewe haamini, anamwona mgonjwa wa akili. Enriquez anatuacha na shaka kuhusu kile kilichofungwa pale. Lakini nyumba ambamo anayeona anaitwa mwendawazimu naifahamu, nimeingia nyingi za namna hiyo.

Sheria inaweza kumpa mtoto nafasi ya kusema, lakini haimwondolei mkubwa wajibu wa kukiri alichokiona. Gaskell alilielewa hilo. Mzee Furnivall alikwisha kufa zamani. Anayeanguka chini ukumbini, asiinuke tena, ni binti aliyetazama. Kwa hiyo jirani anayenong'oneza kwamba yule mtoto hulia kila usiku, namwomba afanye jambo moja gumu zaidi: twende naye kituoni, aandikishe maelezo, aweke jina lake na saini.