Akaunti na Lakabu za Barua Pepe: Namna ya Kuzisimamia

Akaunti ya barua pepe ina mwenyewe, neno la siri na nafasi ya kuhifadhia barua kwenye seva. Lakabu ni jina tu. Haina neno la siri wala haihifadhi kitu; barua ikitumwa kwake, seva huipeleka kwenye akaunti iliyoandikiwa. Ni kama mtaani: mtu mmoja huitwa Fundi, Mwalimu au Baba Asha, na mgeni akiulizia jina lolote katika hayo huelekezwa mlango ule ule.

Tofauti hii huonekana ndogo mpaka kamati ibadilike. Madrasa na vikundi vingi huanza kwa anwani ya katibu mwenyewe. Akiondoka au akifariki, barua za benki na wafadhili huendelea kwenda kwake, na hata viungo vya kubadilisha neno la siri la tovuti huishia huko huko.

Kanuni ni hii: cheo kiwe lakabu, mtu awe na akaunti. Kwenye seva ya Postfix, lakabu za kikoa cha seva yenyewe huandikwa katika faili la /etc/aliases:

katibu: asha
hazina: asha, omari
postmaster: omari

Kisha endesha amri ya newaliases, la sivyo seva itafuata orodha ya zamani. Hapo barua ya hazina itawafikia wawili. Postmaster si ya hiari: kanuni ya RFC 5321 ya mwaka 2008 huitaka kwa kila kikoa kinachopokea barua.

Afisa akiondoka:

1. Badilisha neno lake la siri siku hiyo hiyo, na ukate simu na kompyuta zilizobaki zimeingia.
2. Elekeza lakabu kwa aliyeshika nafasi, kisha ujaribu kwa barua kutoka nje.
3. Nakili barua za kazi. Kubadilisha lakabu hakuhamishi barua za zamani.
4. Futa akaunti mwisho, baada ya kuhakikisha hakuna lakabu inayoielekea.

Tahadhari mbili. Usielekeze katibu kwa asha na asha kwa katibu. Barua itazunguka bila kufika. Pia, lakabu inayopeleka barua nje, kwa mfano Gmail, huweza kushindwa ukaguzi wa SPF, kwa kuwa seva yenu haimo katika orodha ya seva zilizoruhusiwa na mtumaji. Barua hiyo hukataliwa au hutupwa kwenye taka.

Barua hizi hubeba nambari za vitambulisho na simu za wanachama, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hutaka zilindwe. Basi orodha ya lakabu ichapishwe, mwenyekiti na mweka hazina wawe na nakala, na ipitiwe kila baada ya uchaguzi.