Kipupwe mkoani Kigoma

Kipupwe mkoani Kigoma ni kipindi cha ukavu na ubaridi kinachoanza mwezi Mei hadi Septemba katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, magharibi mwa Tanzania. Watu wengi hukiita kiangazi tu, kwa kuwa kukosekana kwa mvua huonekana zaidi kuliko baridi yenyewe.

Theluji haianguki Kigoma. Ziwa liko karibu mita 770 tu juu ya usawa wa bahari, si mbali na ikweta. Theluji na barafu ya kudumu nchini Tanzania hupatikana kwenye kilele cha Kilimanjaro (mita 5,895). Barafu inayoweza kudondoka Kigoma ni mvua ya mawe, nayo huja wakati wa mvua, si wakati wa baridi.

Hali ya hewa

Mwezi Juni na Julai halijoto ya usiku hushuka chini ya sentigredi 20, kiasi cha kutosha kumfanya mvuvi avae koti. Nyasi hukauka, moto wa nyika huongezeka, na moshi pamoja na vumbi hutanda juu ya ziwa hata milima ya Kongo iliyo ng'ambo isionekane. Mvua za kwanza zikishasafisha anga, milima hiyo huonekana tena.

Upepo na ziwa

Jambo kubwa la kipupwe ni upepo. Ziwa lina kina cha mita 1,470, lakini samaki huishi katika tabaka la juu lenye oksijeni, huku sehemu kubwa ya virutubisho ikiwa imelala chini. Tofauti ya halijoto kati ya juu na chini ni nyuzi chache tu, ila inatosha kuzuia maji yasichanganyike kwa urahisi.

Upepo wa kusini mashariki husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, na maji baridi hupanda upande wa kusini yakiwa na fosforasi na nitrojeni. Upepo ukitulia mnamo Oktoba, maji ya juu hurudi, na matabaka huendelea kupanda na kushuka kwa majuma kadhaa, kama maji katika beseni lililotikiswa. Ndipo upande wa kaskazini nao hupata rutuba. Mimea midogo ya majini hustawi, na chakula huongezeka kwa dagaa, ambao nao huliwa na migebuka.

Historia

Safari kadhaa maarufu za karne ya 19 zilifanyika katika majira haya. David Livingstone alivuka ziwa kutoka Ujiji kwenda Manyema mwezi Julai 1869. Henry Morton Stanley aliondoka Ujiji tarehe 11 Juni 1876 kwa mashua yake, Lady Alice, akalizunguka ziwa lote na kurudi tarehe 31 Julai.

Uvuvi na kuanika

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hasa usiku usio na mbalamwezi, kisha huanikwa juani. Kwa kata za Ujiji kama Kasingirima, na kwa mialo yote ya Kigoma, jua la kipupwe ni mali: dagaa waliolowa mvua huoza upesi na bei yao huanguka.

Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2003 ulionyesha kwamba ziwa limepata joto na pepo zimepungua nguvu, hivyo maji huchanganyika kidogo kuliko zamani. Watafiti walikadiria kuwa uzalishaji wa mimea ya majini ulishuka kwa takriban asilimia 20, na mavuno ya samaki huenda kwa asilimia 30. Kwa hiyo si sahihi kuwatupia wavuvi peke yao lawama ya upungufu wa samaki, ingawa nyavu zenye matundu madogo nazo zina madhara.

Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi hiyo mitatu ilikuwa ndiyo ile ile ya jua zuri la kuanikia.