Dhukaan na kanzu zake

Kwetu Lafey, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa wa ngamia uitwao dhukaan hutambuliwa kwa pua. Ngamia akianza kubaki nyuma ya kundi, nundu ikalegea na maziwa yakapungua, geeljire, yaani mchunga ngamia, humsubiri akojoe, huchota mchanga ulioloa, huusugua viganjani na kuunusa. Kama ni dhukaan, atajua palepale. Awoowe alifanya hivyo mara nyingi nikiwa mdogo, upande wa malisho ya kuelekea Fino, na kila mara alininyooshea kiganja na mimi ninuse. "Awoowe, umeisikia?" aliniuliza, maana kwetu babu na mjukuu huitana kwa neno lilelile. Niliisikia. Ni harufu nzito ya kitu kilichovunda, na ukishaijua hutaisahau.

Sasa nasoma Nairobi, shahada ya uzamivu, na kazi yangu ni protini za kimelea kinacholeta dhukaan. Nilipoanza nilidhani nimeiacha Lafey nyuma na kuingia elimu ya watu wengine. Kadiri nilivyozidi kusoma historia yake, ndivyo nilivyozidi kumkuta ngamia mbele yangu.

Mwaka 1880, huko Dera Ismail Khan, katika nchi ambayo leo ni Pakistan, daktari wa mifugo wa jeshi la Waingereza, Griffith Evans, alitazama damu ya farasi na ngamia wagonjwa kwa darubini akaona vijidudu vinavyojipinda kama nyoka. Wenyeji waliuita ugonjwa huo, ambao kwetu ni dhukaan, surra, yaani uliooza. Kwa hiyo na wao pua ziliwaambia kitu. Evans alisema vijidudu vile ndivyo chanzo cha ugonjwa, na wakubwa wake hawakumkubalia. Baadaye kimelea kilipewa jina lake: Trypanosoma evansi. Ni ndugu wa kimelea cha malale na cha nagana, ila hiki kimepoteza sehemu ya DNA yake, na bila sehemu hiyo hakiwezi kukua ndani ya mbung'o. Hupanda midomo ya pange na nzi wengine wanaouma, kutoka mnyama mmoja hadi mwingine. Ndiyo sababu kilitoka kwenye mapori ya mbung'o kikafika nchi kavu kama yetu. Lafey haina mbung'o. Ina mvua, na mvua huja na pange.

Wakati wa ukoloni eneo letu liliitwa Northern Frontier District, na sheria ya 1902 ililifunga: kuingia na kutoka kwa kibali. Daktari wa mifugo aliwaangalia zaidi ng'ombe, kwa kuhofia maradhi yasiwafikie ng'ombe wa walowezi. Ngamia waliachiwa wenyewe, na wenyewe walibaki na pua zao.

Kipimo cha kwanza cha maana kwa ngamia kilitumika Sudan miaka ya 1920. Walichukua majimaji ya damu, yale yanayobaki damu ikishaganda, wakadondosha tone moja kwenye maji yenye kloridi ya zebaki. Ya ngamia mzima yaliyeyuka. Ya ngamia mgonjwa yaligeuka utando mweupe, kama maziwa yaliyokatika. Kilichoganda pale ni globulini, protini zinazojaa kwenye damu mwili unapopigana na adui. Utando ule mweupe nitaurudia, maana ndani yake mlikuwa na kitu ambacho hakuna aliyekijua kwa zaidi ya miaka 60.

Kwanza niieleze kanzu. Mwaka 1975, huko Cambridge, George Cross aliitenga protini inayofunika seli nzima ya tripanosoma. Kimelea kimoja huvaa takriban nakala milioni 10 za protini hiyo, zimesongamana kama nyuzi za kitambaa hata kingamwili isipate pa kupenya. Mwili huchukua siku kadhaa kuitambua kanzu hiyo na kutengeneza kingamwili za kuishika. Kumbe baadhi ya vimelea vimeshavaa nyingine. Vya kanzu ya zamani hufa, vya kanzu mpya huzaana, homa hupanda tena. Ndani ya jeni zao mna akiba kubwa ya kanzu za kubadilisha. Niliposoma hayo nilimkumbuka awoowe akisema dhukaan "huenda msikitini na kurudi": wiki hii ngamia anakula vizuri, wiki ijayo amelala. Huvuta hivyo miezi, hata miaka, huku ngamia jike akiharibu mimba.

Kanzu hiyo ndiyo iliyotumika kutengeneza kipimo cha haraka. Mwaka 1988 E. B. Songa na Raymond Hamers, waliokuwa Ubelgiji, walichapisha kipimo cha kadi kinachotumia kanzu moja iitwayo RoTat 1.2, ambayo vimelea vingi vya surra huivaa mapema. Kimelea chenyewe kilitoka kwa nyati wa kufugwa wa Indonesia, mwaka 1982.

Hamers huyo huyo alikuwa na majimaji ya damu ya ngamia kwenye friza, yaliyobaki kutoka utafiti huo wa tripanosoma. Katika mazoezi ya wanafunzi yalichambuliwa, na hesabu ikakataa. Kingamwili tuliyofundishwa sote, ile iliyowapa Gerald Edelman na Rodney Porter Tuzo ya Nobel mwaka 1972, ina minyororo minne: miwili mizito na miwili myepesi. Kwenye majimaji ya ngamia ilikuwemo, lakini pembeni yake palikuwa na nyingine yenye minyororo mizito mitupu. Walidhani ni kosa. Wakarudia. Mwaka 1993 matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature, jina la kwanza likiwa la Cécile Hamers-Casterman, na la Songa likiwemo pia. Kingamwili hiyo ya minyororo mizito mitupu ndiyo iliyokuwa imejificha ndani ya utando mweupe wa Sudan. Ncha ya kingamwili hiyo ikikatwa hubaki kipande kidogo, kama sehemu moja ya kumi ya kingamwili ya kawaida, chenye uwezo kamili wa kumshika adui. Mwaka 2018 Ulaya iliidhinisha dawa ya kwanza iliyotokana na vipande hivyo, kaplasizumabu, kwa ugonjwa adimu wa damu kuganda ndani ya mishipa midogo. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa: chanzo chake ni damu ya ngamia iliyohifadhiwa kwa ajili ya dhukaan.

Kadi nayo ilipofika Kenya ilikuta jambo lake. Mwaka 2005 J. M. Ngaira, Norah Olembo na wenzao walichapisha utafiti wa vimelea vya ngamia wa Isiolo. Baadhi havikuwa na jeni la RoTat 1.2 kabisa. Kanzu ya Indonesia haikuwemo hata kwenye sanduku lao. Ngamia mwenye kimelea cha aina hiyo anaweza kupimwa kwa kadi akaonekana mzima. Utafiti huo ndio ulionifanya nichague somo langu. Sensa ya 2009 ilihesabu karibu ngamia milioni 3 nchini, wengi wao huku kaskazini, na kipimo chao hakiwezi kukamilika bila kanzu za vimelea vya huku.

Hooyo, mama yangu, aliwahi kuniuliza mbona tunakunywa maziwa ya ngamia wenye dhukaan na hatuugui. Nilimjibu kwamba damu yetu ina protini iitwayo APOL1 inayokitoboa kimelea hicho hadi kipasuke. Mwaka 2004 mkulima mmoja wa India aliugua surra, na ilipopimwa damu yake, APOL1 haikuonekana. Hooyo alisema, "Alhamdulillahi," akaendelea kukamua.

Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani nilichukua kadi chache, darubini na mashine ndogo ya kuzungushia damu inayotumia betri ya gari. Awoowe alikuwa ameshamtenga hal (ngamia jike) mmoja mweupe, Cadey. Nilidondosha majimaji ya damu yake kwenye kadi, nikaizungusha dakika tano. Chembe za buluu zilitawanyika laini, hakuna kilichoshikana. Hana kitu, kadi ilisema. Awoowe alinusa mchanga akaitikia kwa kichwa, akaninyooshea kiganja. Niliweka mrija mwembamba wa damu kwenye mashine, kisha chini ya darubini, pale chembe nyeupe zinapopakana na maji. Palikuwa pakichezacheza. Huenda maambukizi yalikuwa mapya na kingamwili hazijatokea. Huenda ni kanzu ambayo kadi haiijui. Nilidondosha matone manne kwenye karatasi ya kuchujia, nikayaanika kivulini, maana damu mbichi haifiki Nairobi ikiwa salama kwa joto lile na barabara ile. Nikaandika jina lake na tarehe kwenye bahasha.

"Majibu lini?" awoowe aliuliza.

"Miezi, awoowe."

Akamshika Cadey shavuni, akamlaza. "Basi leta sindano."