Bibi Taratibu Alienda Wapi?

Shuleni tukifunzwa reli, Mhindi siku zote alikuwa mwanamume. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, kazi ikaanzia Mombasa 1896, ikavuka hapa Makupa, Changamwe, huyoo mpaka Kisumu 1901. Karibu 2,500 walikufa, wengi wa waliopona wakarudi kwao, kama 6,700 hivi wakabaki. Haya, hao waliobaki waliishi na nani? Nani alipika, nani alizaa? Kimya.

Majibu mimi nilikuja kuyapata kwenye hadithi, tena zilizoandikwa kwa Kiingereza na Wahindi wa huku huku kwetu.

M.G. Vassanji alizaliwa Nairobi 1950, akakulia Dar, sasa yuko Kanada. Riwaya yake The Gunny Sack ilitoka 1989. Mle ndani ukoo unaanza na mfanyabiashara Dhanji Govindji na mtumwa wa Kiafrika, Bibi Taratibu. Wanapata mtoto, Huseni. Kisha Govindji anaoa mke wa jamii yake, na Taratibu anatolewa nyumbani. Huseni naye akija kupotea, babake anamaliza pesa kumtafuta, zake na za watu. Hapo ndipo niliposhika kichwa. Pesa za kumtafuta mtoto zilipatikana. Nafasi ya mama chini ya paa lile, la.

Vassanji angalau alimpa jina. Lakini ukitaka kumsikia mwanamke mwenyewe akisema, soma Shailja Patel, Mkenya wa asili ya Gujarat. Migritude (2010) inaanza na sanduku la sari alizowekewa na mamake kwa ajili ya harusi. Kutoka kwenye hizo sari anafika kwa wafumaji wa India, kwa Wahindi waliofukuzwa na Amin 1972, hata kwa wanawake wa Kenya waliobakwa na wanajeshi wa Kiingereza. Wengine watasema amechanganya mambo. Mimi naona hapo ndipo alipopatia, maana hakujililia yeye na Wahindi wenzake tu.

Na kuna lile ua la kwenye sari, lililopinda ncha. Wao huliita ambi, embe dogo. Nyanya yangu hapa Mjambere analo kwenye leso, yeye hulijua kama korosho. Leso zenyewe twanunua Biashara Street, kwa Wahindi.

Wenye bibi kama Taratibu kwenye ukoo, Kisauni hii mko, najua. Wa kwenu aliitwa nani?